Mtoto wa Miaka 17 Si Mbuzi wa Kafara

Sisi mashabiki wa mpira wa Uganda tuna mahakama yetu. Inaketi dakika tano baada ya kipenga cha mwisho, kwenye vibanda vya kutazamia mpira, kwenye steji za bodaboda na kwenye hosteli za vyuo. Haina wakili, haiiti mashahidi, na hukumu yake huwa ni moja tu: "Huyu hafai." Nasema mahakama hii ivunjwe, hasa inapomhukumu mchezaji ambaye hajafikisha hata miaka ishirini. Inajifanya inajua mpira, kumbe inaukimbia mpira. Tena inawapoteza wachezaji ambao tutawahitaji kesho.

Tuchukue mechi moja. Mwezi wa Novemba 2025 vijana wetu wa chini ya miaka 17 walikuwa Qatar, na ilikuwa mara ya kwanza kwa Uganda kucheza Kombe la Dunia la umri huo. Walifungwa na Canada, wakatoka sare na Chile, kisha wakaifunga Ufaransa 1–0 kwa bao la James Bogere. Siku hiyo kila mtu Kampala alikuwa mjomba wa Bogere. Wakaitoa Senegal, wakaingia kumi na sita bora, na huko wakakutana na Burkina Faso. Dakika tisini zikaisha 1–1. Mashindano yale hayana muda wa nyongeza. Mkitoka sare mnakwenda moja kwa moja kwenye mikwaju ya penalti. Tukatolewa.

Niliitazama mechi hiyo na wanafunzi wenzangu, tumebanana kwenye chumba kimoja cha hosteli. Kabla simu haijazimwa, hukumu ilikuwa imeshatoka. Mmoja alisema, "Ametuuza." Mwingine akasema kijana arudi kijijini akalime. Wa tatu akaapa kwamba tangu mwanzo yeye alijua mtoto yule hana moyo. Hakuna aliyeuliza kwa nini mechi ilifika kwenye penalti. Katika dakika tisini tulitengeneza nafasi ngapi za kufunga? Mpira tulikuwa tunaupotezea wapi? Nani alikuwa amechoka, na nani kwenye benchi angeweza kumpokea? Mazungumzo yote kuhusu mbinu yalikufa pale pale, kwa sababu tulikuwa tumeshampata wa kumtwisha mzigo.

Hapo ndipo ugomvi wangu na mashabiki wenzangu unapoanzia. Kumlaumu kijana mmoja ni njia rahisi ya kukwepa kazi ya kufikiri. Timu ya watu kumi na mmoja, kocha na wasaidizi wake, mpango wa mazoezi wa miezi, yote hayo tunayakunja na kuyaweka mgongoni mwa mtoto aliyepiga mpira mmoja kutoka mita kumi na moja.

Watu wa vibandani wataniambia kwamba mpira ndivyo ulivyo, na ukikosa penalti utasemwa. Basi niwaulize kuhusu mchezaji wanayempenda wao. Nenda Wandegeya au Kalerwe siku Arsenal inapocheza, uhesabu jezi zenye jina la Bukayo Saka. Tarehe 11 Julai 2021, katika fainali ya Kombe la Ulaya pale Wembley, Saka alikuwa na miaka 19. Uingereza na Italia zilikuwa zimetoka 1–1. Kocha Gareth Southgate akampa mtoto huyo mkwaju wa tano, wa mwisho, ule ambao wakubwa wengi wangeukimbia. Mlinda mlango wa Italia akaudaka. Marcus Rashford na Jadon Sancho walikuwa wamekosa kabla yake. Baada ya hapo vijana hao watatu walitukanwa kwa rangi ya ngozi yao mpaka dunia nzima ikasikia.

Sasa tuitazame mechi ile kwa macho ya mbinu. Luke Shaw alifunga katika dakika ya pili tu. Kutoka hapo Uingereza ilianza kurudi nyuma, ikawaachia Waitalia mpira, na Waitalia wakautumia bila haraka mpaka Leonardo Bonucci akasawazisha dakika ya 67. Rashford na Sancho waliingizwa mwisho kabisa wa muda wa nyongeza, miguu ikiwa haijapata joto, ili wapige penalti tu. Nani aliipoteza fainali ile? Ni mtoto wa miaka 19, au ni timu iliyoongoza mapema ikaamua kulinda bao moja kwa zaidi ya saa nzima? Anayejibu "Saka" hakuitazama mechi. Alitazama dakika tano za mwisho.

Na kilichofuata je? Klabu yake haikumtupa, na kocha wa taifa aliendelea kumwita. Tarehe 6 Julai 2024, kwenye robo fainali ya Kombe la Ulaya dhidi ya Uswisi, Uingereza ikiwa nyuma, Saka ndiye aliyesawazisha, na zilipokuja penalti alisimama tena akafunga. Mashabiki wetu wa Arsenal walicheza ngoma barabarani. Mtoto wa London tunampa miaka mitatu ya kukua. Mtoto wa Masaka au wa Gulu hatumpi hata siku tatu. Huo si ukali wa wapenda mpira. Ni kujidharau wenyewe.

Mimi ni mwanafunzi wa Kiswahili, na lugha hii imenifunza jambo kuhusu mpira ambalo kelele za kibandani hazikunifunza. Watangazaji wa Kiswahili humwita mchezaji wa katikati "kiungo". Kiungo cha mwili ni pale mfupa unapokutana na mfupa. Kiungo cha mchuzi ndicho kinachovipa ladha vitu vingine vilivyomo chunguni. Kwa hiyo, ukitaka kumpima kiungo wa miaka 17, usihesabu mabao yake. Tazama kama mabeki wanamwona wakiwa na shida, kama anageuka na mpira akitazama mbele, kama washambuliaji wanapata mpira kwa wakati. Kazi imo ndani ya jina lenyewe, lakini sisi tunamtukana kwa sababu hakupiga chenga.

Nitoe mfano mwingine ambao kila shabiki ameuona. Timu inacheza 4-3-3. Kocha amemwagiza beki wa kulia, kijana, apande kushambulia. Winga aliye mbele yake ni mchezaji mwenye jina, hapendi kurudi kukaba. Mpira unapotea, wapinzani wanaupeleka haraka kwenye nafasi iliyoachwa wazi upande wa kulia, krosi inapigwa, bao. Kamera inamwonyesha nani? Inamwonyesha beki kijana anayekimbia nyuma ya adui, ulimi nje. Kibanda kizima kinapiga kelele: "Mtoeni!" Lakini yeye alifanya alichoagizwa. Aliyekosea ni winga ambaye hakurudi, au kiungo mkabaji ambaye hakusogea kuziba, au kocha aliyewapandisha wote wawili bila kupanga nani abaki. Kosa lilianza sekunde kumi kabla ya bao, mbali na pale tulipokuwa tukitazama.

Kwa hiyo nawaomba mashabiki, kabla ya kufungua kinywa, tujiulize maswali matatu. La kwanza: kijana huyu alipewa kazi gani leo? La pili: alipopata shida, nani alikuwa karibu naye, na nani alipaswa kuwepo? La tatu: hii ni mechi yake ya ngapi kubwa? Anayeshindwa kuyajibu aseme tu kwamba ameumia kwa kufungwa. Kuumia si dhambi, sote tunaumia. Dhambi ni kuyageuza maumivu kuwa hukumu juu ya kipaji cha mtu.

Wala nisidhaniwe kwamba naomba vijana wasifiwe tu. Sifa zetu nazo ni mbovu kama matusi yetu. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Mwaka 2021 vijana wetu wa chini ya miaka 20 walifika fainali ya Afrika kule Mauritania. Waliifunga Tunisia 4–1 katika nusu fainali, Derrick Kakooza akafunga mabao matatu peke yake na kumaliza mashindano akiwa mfungaji bora. Kwenye fainali Ghana ikatufunga 2–0. Kati ya mechi hizo mbili zilipita siku chache tu, lakini mitaani tulihama kutoka "tumepata mfalme" hadi "hawana lolote". Wachezaji walikuwa wale wale. Mtu mwenye akili hawezi kuamini yote mawili ndani ya wiki moja. Aliyempamba kijana Jumatatu ndiye anayemvua nguo Jumamosi.

Tuna hata hukumu ya tatu, ya ajabu zaidi. Kijana akicheza vizuri kupita kiasi tunasema, "Huyu si wa miaka 17, ana watoto wawili nyumbani." Najua udanganyifu wa umri upo, na umelichafua soka la Afrika. Ndiyo maana tangu mwaka 2009 FIFA hutumia kipimo cha MRI cha mifupa ya kifundo cha mkono kwenye Kombe la Dunia la umri huo. Kazi hiyo ina wataalamu wake na mashine zake. Shabiki anayepima umri kwa kutazama ndevu kwenye simu hasaidii kitu. Anahakikisha tu kwamba kijana hana njia ya kupona: akikosa hafai, akiweza ni mwongo.

Wapo watakaonijibu kwa methali: samaki mkunje angali mbichi. Watasema ukali ndio unaomkomaza kijana, na kwamba wao wamelipa kiingilio, wana haki ya kusema. Haki wanayo. Lakini waisome vizuri methali yao. Kumkunja samaki ni kumpa umbo, na samaki mbichi ukimkunja kwa hasira anakatika. Kocha anayemwambia kijana, "Ulipopokea mpira uligeukia upande wenye adui, kesho fungua mwili kwanza," huyo anamkunja. Anayemwambia, "Arudi kijijini akalime," hamkunji mtu. Anatema mate tu.

Haya siyasemi kwa kubahatisha. Nilipokuwa sekondari, shule yetu ilicheza mechi ya kombe la wilaya. Mlinda mlango wetu alikuwa na miaka 16. Mpira wa kona ulipigwa, mabeki wetu wawili wakagongana, ukadunda mbele yake na kupita katikati ya miguu. Tukatolewa. Kesho yake bwenini alikuwa ameshapewa jina: Mlango Wazi. Alilibeba jina hilo foleni ya chakula, alilibeba darasani, hata mwalimu mmoja alimwita hivyo siku moja na darasa likacheka. Muhula uliofuata hakujiandikisha kwenye timu. Mabeki waliogongana hawakupewa jina lolote. Walicheza mpaka wakamaliza shule. Yule kijana alikuwa na mikono ambayo sijaiona tena kwenye shule ile, na waliomtoa mpirani si wapinzani. Ni sisi watu wa nyumbani.

Zidisha kisa hicho kwa shule zote za Uganda, kisha uwaweke juu yake makocha wa klabu wanaosikiliza kelele za jukwaani ili wasipoteze kazi. Kocha wa namna hiyo hatamchezesha kijana aliyekosea Jumapili. Atamrudisha mkongwe wa miaka 33, ambaye hatatukanwa kwa sababu tumemzoea. Halafu tunakaa kibandani kuuliza kwa nini vijana wetu hawapandi.

Jambo hili si la Uganda peke yake. Agosti 2025 nchi zetu tatu ziliandaa CHAN kwa pamoja, na zote tatu zilitolewa kwenye robo fainali, ndani ya siku mbili. Kenya ilitolewa na Madagascar kwa penalti, Tanzania ikafungwa 1–0 na Morocco, nasi tukafungwa 1–0 na Senegal pale Namboole. Ndugu zangu wa Nairobi na Dar es Salaam mnajua mlivyolala usiku ule, na mnajua nani alitukanwa asubuhi yake.

Mwaka 2027 Kombe la Mataifa ya Afrika limepangwa kuchezwa kwetu, Kenya, Tanzania na Uganda. Vijana waliotoka uwanjani Qatar wakilia watakuwa na miaka 18 au 19, umri ule ule wa Saka pale Wembley. Baadhi yao wanaweza kuvaa jezi ya taifa mbele yetu, nyumbani. Kuna mmoja ambaye bado anakumbuka hatua alizotembea kutoka katikati ya uwanja hadi kwenye nukta ya penalti. Siku moja kocha atatazama benchi na kuuliza nani yuko tayari. Kama kijana huyo atainua mkono au atainamisha kichwa, sehemu ya jibu tunaiandika sisi sasa, kwa maneno yetu ya kibandani.

Basi mechi ijayo tukifungwa, tubishane. Tubishane hadi usiku wa manane kuhusu winga asiyerudi, kuhusu mabadiliko yaliyochelewa, kuhusu kwa nini tulilinda bao moja. Kocha ni mtu mzima anayelipwa mshahara, tumuulize maswali magumu. Mtoto tumwache alale.