Vita ya kwenye kompyuta haina foleni ya sukari

Wiki hii mwenzenu nipo Kiberege, bonde la Kilombero, kwa bibi mzaa mama. Nimekuja kusaidia kuvuna mpunga. Jioni kazi ikiisha nakaa barazani na kompyuta yangu iliyochoka, nacheza gemu. Siyo la mpira, la hasha! Ni la vita, linaitwa Hearts of Iron IV. Limetengenezwa na Wasweden wa Paradox, likatoka 2016.

Kwa wasiolijua: unaanza mwaka 1936, unachagua nchi, unaiongoza mpaka Vita Kuu ya Pili. Msidhani ni kufyatua risasi tu. Kazi kubwa humo ni uchumi. Viwanda vya raia vinajenga na kulipia mafuta na mpira kutoka nje, viwanda vya jeshi vinatoa bunduki na vifaru. Halafu kuna fungu la viwanda vya raia linalokwenda kwenye mahitaji ya wananchi. Vita ikikolea unabadili sheria ya uchumi, fungu lile linapungua, unapata nafasi ya kujenga viwanda vya silaha zaidi. Unabonyeza tu, imetoka hiyo!

Basi juzi mimi ndiye Uingereza. Mjapani kanifungia mpira wa Malaya, Mjerumani ananichapa kwa ndege. Nikaona isiwe tabu, nikabana wananchi mpaka mwisho. Bibi alikuwa pembeni anapeta mchele, akauliza nafanya nini. Nikamweleza kwa majivuno yote. Akaacha kupeta.

"Sasa hao watu wako, mume wangu, wanakula nini?"

Nikacheka. Kwenye gemu watu hawali bwana, ni tarakimu! Bibi hakucheka.

Ndipo akaanza kunisimulia vita yake. Majeshi ya Idi Amin yalivamia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978. Jeshi letu likaongezwa mgambo mpaka likapita watu laki moja, na marehemu babu alikuwa mmoja wao. Malori na mabasi ya raia yakachukuliwa kubeba askari na vyakula. Huko mbele daraja la Kyaka lilikuwa limevunjwa na adui, kiwanda cha sukari cha Kagera kimeharibiwa. Kampala ikaanguka Aprili 11, 1979.

Kwenye gemu hapo ndiyo mwisho, unapiga kelele, unakwenda kulala. Tanzania hapo ndiyo ankara ikaletwa. Vita ile inakadiriwa kugharimu dola milioni 500 za Marekani. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika 1977, na mwaka uleule wa 1979 bei ya mafuta duniani ikapaa. Mwalimu Nyerere akawaomba wananchi wafunge mikanda kwa miezi 18.

"Mlifunga?" nikamuuliza.

"Tulifunga. Kufungua ndiyo tulisahau tarehe."

Jamani! Eti kiwanda cha sukari cha Kilombero kipo hapo Kidatu, miwa mtu anaiona kwa macho, lakini sukari yenyewe unaipangia foleni tangu alfajiri, unapimiwa kidogo, na ukichelewa unarudi na kopo tupu. Sabuni ikikosekana nguo zinafuliwa kwa majani ya mpapai. Mwaka 1983 serikali ikawa inasaka wahujumu uchumi, na mpaka 1984 ndiyo ikaanza kulegeza masharti ya kuingiza bidhaa kutoka nje. Hesabuni wenyewe hiyo miezi 18!

Tusidanganyane, siyo vita peke yake iliyotufikisha pale. Kulikuwa na ukame, bei ya mafuta, na mashirika ya umma yaliyokuwa yanachechemea. Lakini nilimuuliza bibi kama anajuta nchi kwenda vitani, akanikata jicho.

"Mtu kaingia nyumbani kwako na panga, utamwandalia chai? Ilikuwa lazima. Ila nyie mnapenda kusimulia walioshinda. Waliolipa hamuwaulizi."

Hapo mwenzenu nikawa mdogo kama piritoni. Sisi vijana tukiona picha za 1979 tunaona bunduki na bendera. Foleni hatuioni, na waliosimama kwenye foleni hawana medali.

Sasa nimeelewa jambo moja lililokuwa linanichekesha siku zote. Chini ya kitanda cha bibi kuna ndoo yenye mfuniko, ndani kilo tano za sukari, hazipungui. Tulikuwa tunamtania kuwa anafungua duka. Sukari ilipoadimika nchini mwanzoni mwa 2024, nyumba nzima tulikunywa chai ya ndoo ile, na hakuna aliyemtania tena.

Nimerudi kwenye gemu langu. Nimewarudishia Waingereza fungu lao, na Mjerumani ananipiga vibaya sana. Bibi ananiwekea chai, vijiko vitatu, anasema niendelee kupambana.

Tuonane wiki ijayo, panapo majaliwa!