Mishipa inaumia kimya, tusisubiri kiharusi kiseme

Mara nyingi habari huja alfajiri. Baba anaamka awahi kazini, mguu wa kulia haumtii. Anamwita mkewe, maneno yanatoka yamepinda kama ya mtoto anayejifunza kusema. Nyumba inachemka. Huyu anasema ni upepo mbaya, yule anasema kapigwa kitu, mwingine kakimbilia barabarani kutafuta bajaji. Wanapofika hospitali saa za thamani zimekwisha kupotea, na swali la kwanza la daktari linawaacha wanatazamana: presha yake huwa ngapi? Hakuna anayejua. Hajawahi kupimwa, au alipimwa mara moja akapewa dawa, na zilipokwisha akadhani amepona.

Tunapiga mbiu leo kwa sababu kisa hiki si cha nyumba moja. Utafiti uliofanyika Dar es Salaam na wilayani Hai kwa miaka mitatu kuanzia 2003, ukachapishwa mwaka 2010 katika jarida la Lancet Neurology, ulipiga hesabu iliyorekebisha tofauti za umri. Ilionekana kwamba Dar es Salaam ilikuwa ikipata wagonjwa wa kiharusi wapatao 316 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka. Hai ilikuwa na takriban 109. Duniani kote, Shirika la Afya Duniani lilihesabu vifo milioni 17.9 vya magonjwa ya moyo na mishipa ya damu mwaka 2019, karibu theluthi moja ya vifo vyote. Zaidi ya robo tatu vilitokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati, yaani nchi kama yetu.

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Katika ugonjwa huu mgonjwa hafichi kitu. Maradhi ndiyo yanayojificha ndani yake. Mshipa wa damu una utando mwororo kwa ndani. Presha ya juu, moshi wa sigara na sukari iliyozidi kwenye damu huuchubua utando huo. Lehemu, ile tuliyozoea kuiita mafuta mabaya, hupenya ukutani, chembe za kinga za mwili huifuata, na mwaka hadi mwaka hujengeka gamba. Gamba haliumi. Mtu analima, anabeba mizigo, anacheza na wajukuu, huku njia ya damu iendayo ubongoni ikizidi kuwa nyembamba. Siku gamba likipasuka, damu huganda juu yake, na donge likichukuliwa na mkondo hadi ubongoni, ndipo familia inapopata taarifa.

Kipo chombo kinachoweza kuliona gamba hilo kabla ya siku hiyo, na Watanzania wanakifahamu. Ni ultrasaundi, ileile ambayo mama mjamzito huwekewa tumboni. Kwa kipimo cha mishipa, mgonjwa hulala chali, shingo imegeuzwa kidogo upande. Mtaalamu humpaka jeli ya baridi, kisha hupitisha kifaa taratibu kutoka juu ya mtulinga hadi usawa wa pembe ya taya, pale ateri kuu ya shingo inapogawanyika mara mbili. Kwenye skrini mshipa huonekana kama njia nyeusi kati ya kingo mbili za kijivu. Ukiwa mzima, kingo ni laini na ukuta kwa kawaida haufiki unene wa milimita moja. Penye ugonjwa, ukingo hututumka na kuingia katika njia ya damu, kama tope lililojikusanya kwenye mfereji. Kwa makubaliano ya wataalamu, ututumko wa milimita 1.5 au zaidi huhesabiwa kuwa gamba. Ikiwashwa Dopla, sehemu ya chombo inayopima mwendo wa damu, mgonjwa husikia damu yake mwenyewe ikipita, vuu, vuu. Palipobanwa, damu hukimbia kwa kasi zaidi, kama maji ya bomba unaloliziba nusu kwa kidole. Hakuna sindano wala mionzi.

Kwa uzuri wa chombo hiki, ni rahisi mtu kusema kila mmoja wetu akapimwe shingo. Hapo ndipo tunapowaomba wasomaji wetu watulie na kusikiliza sayansi ilivyosema.

Mwaka 1986 Paolo Pignoli na wenzake nchini Italia walionyesha kwamba unene wa ukuta wa ateri unaweza kupimwa kwa ultrasaundi. Kwa miaka mingi watafiti walitumaini kuwa unene huo ungekuwa mizani ya hatari ya kila mtu. Ni kweli kwamba wenye kuta nene hupatwa zaidi na mshtuko wa moyo na kiharusi. Lakini mwaka 2012 uchambuzi mkubwa uliochapishwa katika jarida la JAMA ulionyesha kuwa, ukishajua umri wa mtu, presha yake, lehemu yake, kama ana kisukari na kama anavuta sigara, kupima unene huo hakuongezi jambo kubwa la kumsaidia daktari. Mwaka uliofuata vyama vya madaktari wa moyo vya Marekani vikashauri upimaji huo usitumike kama kipimo cha kawaida. Kilichobaki na uzito ni gamba lenyewe. Mwongozo wa Ulaya wa mwaka 2021 unasema gamba la shingoni linaweza kutazamwa kwa ultrasaundi ili kumsaidia daktari kuamua, pale ambapo kipimo cha CT cha chokaa katika mishipa ya moyo hakipatikani.

Kuhusu kuwapima watu wazima wasio na dalili yoyote ili kusaka mishipa ya shingo iliyobanwa, jopo la wataalamu wa kinga nchini Marekani lilishauri mwaka 2014, na likarudia mwaka 2021, kwamba jambo hilo lisifanywe. Sababu yake ni ya kuogopesha. Kipimo kikikosea, mtu asiye na ugonjwa hupelekwa kwenye vipimo vingine na hata upasuaji, na upasuaji wa ateri ya shingo unaweza wenyewe kuleta kiharusi.

Tunalisema hili kwa sauti kwa sababu miji yetu imejaa matangazo ya kupima mwili mzima. Mwananchi anatoa akiba yake, anapewa karatasi zenye picha na maneno ya kitaalamu, anarudi nyumbani akiwa na hofu asiyoweza kuifanyia kitu au furaha isiyo na msingi. Furaha hiyo ndiyo inayotutia wasiwasi zaidi. Mtu mwenye presha ya 180 kwa 110 anaweza kuonyeshwa shingo isiyo na gamba hata moja, na mwezi unaofuata mshipa mdogo ndani ya ubongo wake ukapasuka. Ultrasaundi ya shingo haiuoni mshipa huo. Katika Afrika kiharusi cha damu kuvuja ubongoni kina sehemu kubwa, na presha ndiyo mzizi wake mkuu. Utafiti wa kiharusi uliofanyika Ghana na Nigeria, matokeo yake yakatoka mwaka 2018, uliiweka presha juu kabisa ya orodha ya visababishi. Shingo safi si cheti cha uzima.

Na presha tunaijua kiasi gani? Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulionyesha kuwa takriban mtu mmoja kati ya wanne wenye umri wa miaka 25 hadi 64 nchini Tanzania alikuwa na shinikizo la juu la damu. Kwa jirani zetu Kenya, utafiti wa mwaka 2015 ulikuta zaidi ya nusu ya watu wazima hawajawahi kupimwa presha maishani. Ni aibu kuuza picha za mishipa kwa wachache wenye fedha wakati mkanda wa presha haujamgusa mkono mama anayeuza mboga nje ya geti la kituo cha afya.

Je, ultrasaundi ya mishipa iwekwe kando? Hapana. Tunaona mahali pawili ambapo inastahili kabisa.

Pa kwanza ni kwa mtu aliyeonywa. Wapo ambao mkono hufa ganzi kwa dakika kadhaa, jicho moja likaingia giza kama pazia limeshuka, au ulimi ukawa mzito, kisha yote yakatoweka. Wengi hushukuru Mungu na kurudi kwenye shughuli zao. Hilo ni onyo la kiharusi, na mtu huyo anatakiwa apimwe ateri za shingo haraka. Utafiti wa Amerika Kaskazini uliochapishwa mwaka 1991 ulifuatilia watu walioonywa hivyo, na ambao ateri yao ilikuwa imebanwa kwa asilimia 70 au zaidi. Ndani ya miaka miwili, asilimia 26 ya waliotumia dawa peke yake walipata kiharusi cha upande huo. Kwa waliofanyiwa upasuaji ilikuwa asilimia 9. Kwa mgonjwa wa namna hii ultrasaundi ni jambo la kufa na kupona.

Pa pili ni pale picha inapoweza kugeuza moyo. Kaskazini mwa Sweden, katika jimbo la Västerbotten, watafiti walichukua watu 3,532 wa miaka 40, 50 na 60 waliokuwa kwenye mpango wa kawaida wa kinga. Wote walipimwa shingo kwa ultrasaundi, lakini nusu tu ndio waliopelekewa matokeo, wao na madaktari wao: mchoro wenye rangi za taa za barabarani, kijani kwa mshipa mzima na nyekundu kwa wenye gamba, pamoja na umri wa mishipa yao. Kisha muuguzi aliwapigia simu kuwaeleza. Baada ya mwaka mmoja, hatari ya moyo ya walioona picha ilikuwa imeshuka, na ya wenzao imepanda. Tofauti haikuwa kubwa, lakini baada ya miaka mitatu ilikuwa bado ipo. Mtu aliyeambiwa tu kwamba lehemu imezidi husahau. Aliyeliona gamba ndani ya shingo yake mwenyewe humeza dawa.

Tusiseme haya ni mambo ya Ulaya. Katika mitaa ya Korogocho na Viwandani jijini Nairobi, watu wa miaka 40 hadi 60 wamekwisha kupimwa ateri za shingo kwa ultrasaundi, katika utafiti ulioshirikisha pia Afrika Kusini, Ghana na Burkina Faso na kufikia watu zaidi ya 10,000. Kama kifaa kimefika Korogocho kwa ajili ya utafiti, kinaweza kufika kwa ajili ya tiba.

Kwa hiyo tunaitaka serikali, kupitia Wizara ya Afya, ichukue hatua kwa mpangilio huu. Kwanza, kila mtu mzima anayeingia zahanati kwa shida yoyote, hata kwa kikohozi, apimwe presha, kwa mashine inayofanya kazi na yenye betri. Chati za Shirika la Afya Duniani za mwaka 2019, zinazoikadiria hatari ya mtu wa Afrika Mashariki kwa umri, jinsia, sigara, presha na uzito hata pasipo maabara, zibandikwe ukutani na zitumike. Pili, dawa za presha zisikatike, na Bima ya Afya kwa Wote, ambayo sheria yake ilipitishwa mwaka 2023, iwalinde wanaozimeza maisha yao yote. Tatu, wataalamu wa ultrasaundi katika hospitali za mikoa wafundishwe kupima ateri za shingo, na mgonjwa aliyepata onyo la kiharusi apatiwe kipimo hicho ndani ya siku chache pamoja na njia ya rufaa iliyo wazi hadi kwa mpasuaji. Nne, wanaotangaza vipimo vya mwili mzima wabanwe waeleze kipimo chao kinaonyesha nini, hakionyeshi nini, na nani atamhudumia mteja baada ya majibu.

Kwako msomaji tuna neno moja. Ukiona mkono wako au wa jirani yako umelegea ghafla, uso umepinda au ulimi umekuwa mzito, nenda hospitali saa hiyohiyo, hata kama dalili zimeondoka. Na kabla ya kuuliza bei ya picha ya mishipa, nenda kituo cha afya kilicho karibu nawe ukapime presha. Iandike namba utakayopewa, waambie walio nyumbani, na ukipewa dawa usiziache kwa sababu unajisikia mzima. Ugonjwa huu humfanya kila mtu ajisikie mzima mpaka alfajiri ile.