Donda Ndugu na Dawa za Miti

Wilayani Masasi na Newala mkulima asiye na miguu hana shamba. Kupalilia, kuokota korosho, kuteka maji, yote ni kazi ya miguu. Kwa hiyo mtu akipatwa na donda ndugu, lile lisilopona mwezi hata mwezi, nyumba nzima huona njaa.

Wagonjwa wengi wa namna hii huanza kwa mganga wa miti. Hatuwalaumu. Mganga yu jirani, anawajua wagonjwa wake, na baadhi ya dawa zake zina maana. Wahindi wanayo elimu ya kale ya tiba iitwayo Ayurveda, na katika kitabu cha mganga wao Sushruta habari za vidonda ni ndefu: donda lioshwe, nyama iliyooza iondolewe, lipakwe asali na samli, kisha lifungwe. Mwarobaini tuuotao kivuli uani asili yake ni huko huko. Asali nayo imepimwa na wataalamu wa siku hizi, ikaonekana yaua vijidudu. Basi adharauye dawa kwa sababu tu ni ya miti hajui asemalo.

Lakini tuutazame utaratibu ule. Haukuanza kwa majani. Ulianza kwa kuosha. Donda lililotiwa udongo au samadi laweza kuleta pepopunda. Tena donda lisilopona lina chanzo chake: pengine kisukari, pengine mishipa isiyorudisha damu vema, pengine ukoma. Jani halitambui tofauti ya hayo. Donda likikaa miaka mingi laweza kugeuka saratani, na hapo mguu hukatwa. Hata dawa za Ayurveda zenyewe, baadhi yake zilipopimwa zilikutwa na zebaki na madini ya risasi. Ukale wa dawa si ushahidi wa usalama wake.

Wala tusisingizie umaskini wa majengo. Daktari Leader Stirling, aliyefika Masasi mwaka 1935, alipasua wagonjwa pale Lulindi katika hospitali ya miti na nyasi. Mwaka 1975 akawa Waziri wa Afya. Usafi na uangalifu havingoji saruji.

Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 imekwisha kumpa mganga nafasi yake, na lipo Baraza la kumsajili. Twataka sheria hiyo ionekane vijijini. Mganga ajiandikishe, dawa yake ipimwe, na donda lisilopungua kwa majuma mawili alipeleke zahanati bila kuona haya. Naye mtumishi wa zahanati asimtukane mgonjwa kwa ajili ya majani aliyobandika. Tusi moja latosha kumrudisha nyumbani na donda lake.

Liko na la maji. Juu ya uwanda wa Makonde mchanga hunywa mvua yote, na tangu zamani akina mama wameshuka mteremko kuyatafuta maji. Mwenye ndoo moja kwa siku hawezi kuosha donda. Kwa hiyo kila bomba lifikalo kijijini Newala ni dawa, na kila bomba lililokauka ni donda jingine.

Ndugu wananchi, mficha maradhi kifo humuumbua. Mwenye donda na alifunue mapema, mbele ya mganga na mbele ya daktari pia.