Mgeni Asipewe Ufunguo wa Ghala

Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Naam, lakini sijasikia mhenga aliyesema mgeni akabidhiwe ufunguo wa ghala! Ndivyo nionavyo mtindo huu wa kuruhusu akaunti ya msimamizi wa tarakilishi ya nyumbani ifunguliwe kwa mbali kupitia mtandao.

Wenzangu chamani hunibishia. "Sasa kaka akiwa Nairobi na mashine imekwama huku Kakamega, ataitengenezaje?" Swali hilo lina uzito, maana nauli si mchezo. Lakini hebu tumtazame msimamizi ni nani. Mtumiaji wa kawaida hushughulikia faili zake tu. Msimamizi huweka programu, hufuta, hubadilisha nywila za wengine na hata kuzima kinga ya virusi. Mwizi akiipata nywila yake, ameipata nyumba nzima: insha zetu, picha za harusi, nakala ya hatimiliki ya shamba.

Watengenezaji wenyewe waliliona jambo hili. Katika Windows Vista ya mwaka 2007, akaunti ya msimamizi wa nyumbani ikitoka mashine nyingine kufuata faili ilianza kupunguziwa mamlaka. Mwaka 2015 OpenSSH nayo, kwa mpangilio wake wa kawaida, iliacha kumruhusu msimamizi mkuu aingie kwa nywila pekee. Ajabu ni kwamba wapo wanaoziona kinga hizi kuwa usumbufu, wakaziondoa kwa mikono yao!

Eti nani atahangaika na nyumba yetu ndogo? Mwaka 2016 programu hasidi iitwayo Mirai iliteka kamera na ruta kwa malaki, nyingi zikiwa za majumbani, kwa kujaribu tu majina na nywila za kiwandani. Haikuuliza nani tajiri, nani maskini.

Maoni yangu basi ni haya. Kaka na asaidie, lakini mlango ufunguliwe kwa saa ile tu, mtu wa nyumbani akiwa ameketi mbele ya kioo akitazama, kisha ufungwe. Aingie kwa akaunti ya kawaida. Ikihitajika nywila ya msimamizi, aliye nyumbani aiandike kwa mkono wake. Mengine yangoje likizo.

Jamani, nauli hutafutwa ikapatikana. Picha za harusi ya wazazi zikifutwa, harusi hairudiwi.