Pikapu Inayokula Mafuta: Pampu Iwe ya Mwisho

Ndugu mkulima, na wewe mwenzetu unayebeba dagaa, maswali mengi ninayopata siku hizi hayahusu viwavi wala mbolea. Yanahusu pikapu. "Afisa, Hilux yangu ilikuwa inaenda Shinyanga na kurudi kwa nusu tangi, sasa mshale unalala kabla sijafika Usagara." Ningeweza kujibu kwamba magari siyo idara yangu. Lakini tenga la nyanya likitoka Buswelu kwenda Kirumba, faida yake inaanza kuliwa kwenye tangi la dizeli kabla mnunuzi hajalishika, na mimi nisipoliona hilo basi hata ushauri wangu wa mbegu hauna maana kwako.

Msimamo wangu ni huu: usikubali pampu wala nozeli ziguswe mpaka uwe na namba zako kwenye daftari na umekagua vitu vya bei ndogo. Hizi Hilux za zamani zinazozunguka hapa Ilemela, za injini ya 2L, 3L na 5L, ni magari ya chuma kigumu. Pampu yake haifi ghafla bila kuonyesha dalili. Ila fundi wengi wakisikia "gari linakula mafuta" mkono unaenda kwenye pampu moja kwa moja, maana ndiyo kazi yenye hela, na ndiyo waliyoizoea. Ng'ombe wako akipunguza maziwa huanzi na kumchinja. Unaangalia majani, maji, kiwele. Gari nalo ni vilevile.

Anza na kipimo. Mshale wa kwenye dashibodi siyo kipimo, na "nilikuwa naweka elfu hamsini inafika" siyo kipimo pia, kwa sababu bei inabadilika. EWURA hutangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, kwa hiyo elfu hamsini ya Machi siyo lita zilezile za Julai. Jaza tangi mpaka pampu ya sheli ikate yenyewe, andika kilomita. Fanya kazi zako za kawaida hadi ufike kilomita 300 hivi, rudi sheli ileile, pampu ileile, gari likiwa limesimama vilevile, ujaze tena mpaka ikate. Gawanya kilomita kwa lita. Ukipata kilomita 330 kwa lita 38, gari linakwenda kilomita 8.7 hivi kwa lita. Kama awali ulikuwa unatumia lita 30 kwa njia ileile, umepoteza lita 8. Dizeli ikiwa shilingi 2,900, hiyo ni shilingi 23,200 kila ukimaliza mzunguko. Andika pia ulibeba nini: matenga tupu au gunia ishirini za mpunga ni magari mawili tofauti.

Rudia mara mbili au tatu kabla ya kugusa chochote, kisha badilisha kitu kimoja kwa wakati. Tangu Daraja la JP Magufuli la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa Juni 2025, wanaopeleka mizigo Sengerema hawakai tena kwenye foleni ya kivuko injini ikinguruma. Mtu aliyebadilisha nozeli mwezi uleule anaweza kuapa kwamba ni nozeli zilizomwokoa, kumbe ni daraja.

Na kabla hujaiamini hiyo mita ya kilomita, tazama tairi. Ulipochoka na matope ya mbugani ukatoa 205R16 ukafunga 7.50R16, uliongeza kimo cha tairi kwa takriban asilimia 8. Mita haijui. Ukitembea kilomita 100 inaandika 92. Kwenye daftari utaona gari limeanza kula mafuta siku ileile, wakati sehemu ya tatizo ni hesabu tu. Zidisha kilomita za mita kwa 1.08 ndipo ugawanye. Ni kweli tairi kubwa na zito linakula mafuta pia, hasa kwenye safari fupi za kusimama na kuondoka, ila siyo kwa kiasi mita inavyodai.

Sasa nije kwenye kitu kinachoniudhi kuliko vyote: thamostati. Kile kidude kidogo kinachokaa kwenye njia ya maji ya injini. Kazi yake ni kuzuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ifike joto lake, nyuzi 80 na kitu. Huku kwetu gari likichemka, fundi anaitoa na kuitupa, anasema "hizi ni za nchi za baridi." Siyo kweli. Ikitolewa, maji yanazunguka kwenye rejeta tangu asubuhi unapowasha, na injini inafanya kazi ikiwa ya baridi. Dizeli haiungui vizuri, oili inabaki nzito, silinda zinalika upesi. Na safari zetu nyingi ni fupi: Buswelu hadi Nyakato, Nyakato hadi Igoma, zima, washa. Injini isiyo na thamostati kwenye safari kama hizo haifiki joto lake siku nzima. Mwenye gari anafurahi kuona mshale wa joto umelala chini, anadhani ni afya.

Kupima ni rahisi. Asubuhi injini ikiwa baridi, washa, shika hozi ya juu ya rejeta. Kama thamostati ipo na ni nzima, hozi itabaki baridi kwa dakika kadhaa kisha itapata moto kwa ghafla. Kama haipo, hozi itapata joto taratibu tangu mwanzo pamoja na injini. Usifungue mfuniko wa rejeta ukiwa wa moto, hata kidogo. Na ukirudisha thamostati gari likachemka tena, basi umegundua ugonjwa wa kweli uliofichwa: rejeta imeziba, feni imechoka, au gasketi. Huo ndio wa kutibu.

Nililizungumza hili kwa hasira kidogo kwa sababu namjua kijana wa hapa kwetu aliyefukuzwa udereva na mjomba wake. Mjomba alihesabu lita, akaona zinapotea, akaamua kijana ananyonya mafuta usiku kwa mpira. Dereva mpya akaja, lita zikaendelea kupotea vilevile. Thamostati haikuwepo na breki ya nyuma ilikuwa inashika. Wizi wa mafuta upo, sikatai. Lakini daftari ndilo linalotenganisha: mafuta yakiibwa hesabu inaruka-ruka, leo nzuri kesho mbaya, ugonjwa wa gari hesabu yake hushuka na kubaki pale. Usimtoe mtoto wa dada yako kazini kabla hujaishika hiyo hozi.

Breki nimeitaja. Endesha kilomita kumi bila kufunga breki sana, simama, sogeza kiganja karibu na rimu zote nne. Moja ikiwa ya moto kuliko wenzake, hapo kuna breki inayoshika au beringi iliyokufa. Njia nyingine: sehemu tambarare, gia huru, watu wawili wasukume. Pikapu tupu ikigoma kutembea, injini inaburuta hiyo breki kutwa nzima kwa dizeli yako. Upepo wa tairi jaza kwa geji, siyo kwa kupiga teke, na ujaze kufuata mzigo.

Ea klina ifungue mwenyewe. Vumbi letu la kiangazi linaiziba haraka kuliko kitabu cha gari kinavyosema. Na kumbuka sisi tuko juu: ziwa lenyewe liko mita 1,134 hivi kutoka usawa wa bahari, na hewa hapa ni nyepesi kwa takriban sehemu moja ya kumi ukilinganisha na Dar es Salaam. Injini isiyo na tabo tayari inakosa hewa kidogo. Ukiongeza na chujio lililoziba, inatoa moshi mweusi kwenye mlima. Hapo ndipo fundi anakuja na bisibisi na kuongeza mafuta kwenye pampu "ipate nguvu." Anaongeza dizeli mahali palipokosa hewa. Ukiona hivyo, mzuie.

Wapo watakaosema mafuta yenyewe yamechakachuliwa. Ilikuwa balaa kweli miaka ya nyuma, ndiyo maana vinasaba vikaanza kuwekwa mwaka 2010, na mwaka 2011 kodi ya mafuta ya taa ikapandishwa ili kuchanganya kusiwe na faida. Dizeli ya kwenye madumu njiani bado siiamini, zaidi kwa ajili ya maji na uchafu. Mwaga maji kwenye chujio la dizeli kila mwezi utaona mwenyewe.

Ukimaliza yote hayo na daftari bado linasema lita zinapotea, sasa nenda kwenye pampu na nozeli kwa moyo mweupe. Dalili zake zitakuwepo: moshi mweusi hata ea klina ikiwa mpya, au moshi mweupe unaowasha macho injini ikiwa imeshapata moto, mlio wa kugonga kwenye silinda moja, dizeli inayolowesha ubavu wa pampu. Nozeli zitolewe zipimwe kwenye mashine yake mbele yako, uone zinavyorusha: iliyo nzima inatoa ukungu, iliyochoka inadondosha matone. Mbovu ikiwa moja, uliza bei ya moja. Na zile za zamani ondoka nazo kwenye mfuko, usiziache gereji.