Gesi Ipo Baharini, Mkataba Upo Kabatini



Mei 2013 nilikuwa kidato cha pili. Siku ile bajeti ya Wizara ya Nishati inasomwa Dodoma, huku kwetu Mtwara mabomu ya machozi yanarindima mtaa kwa mtaa. Watu walikufa, nyumba zikachomwa, jeshi likaletwa. Wazee wetu walikuwa na swali moja tu: gesi ikienda, sisi tunabaki na nini? Wakaitwa wachochezi. Oktoba 2015 bomba la inchi 36, lililojengwa kwa mkopo wa China, likazinduliwa na gesi ikaenda Dar. Sisi tukaambiwa tuwe na subira, mzigo wenyewe hasa uko bahari kuu.

Haya, tumesubiri. Yule wa kidato cha pili leo ana watoto wawili na bodaboda ya mkataba.

Tuuangalie huo mzigo. Serikali yenyewe inasema nchi ina gesi futi za ujazo trilioni 57, na sehemu kubwa, kama trilioni 47, iko kwenye kina kirefu cha bahari, vitalu namba 1, 2 na 4. Huko maji peke yake yanafika zaidi ya mita 2,000 kabla hujaanza kutoboa mwamba. Ugunduzi wa kwanza ulikuwa 2010. Mwaka 2016 Rais Magufuli aliagiza mchakato wa kiwanda cha LNG uharakishwe. Mwaka 2019 Bunge likaambiwa ujenzi utaanza 2022. Januari 2021 Equinor wakafuta kwenye vitabu vyao thamani ya dola milioni 982 za mradi huu. Juni 2022 pakasainiwa makubaliano ya awali kwa mbwembwe. Mei 2023 tukaambiwa mazungumzo yamekamilika. Mpaka naandika hapa, Likong'o pale Lindi, ambako wananchi waliachia zaidi ya hekta 2,000, hakuna kiwanda.

Tuwe wakweli: hizi danadana si za CCM peke yake. Kuchimba bahari kuu ni ghali mno, bei za dunia zinapanda na kushuka, na makampuni nayo yanavutia kwao. Hilo naelewa. Nisichoelewa ni kwa nini tunafichwa.

Bodaboda yangu ina mkataba. Tuliuandika mbele ya mwenyekiti wa mtaa, mashahidi wawili. Najua kwa siku napeleka shilingi ngapi, najua nitalipa miezi mingapi, najua tairi likiisha nani ananunua. Pikipiki moja! Sasa mradi unaotajwa kugharimu dola bilioni 42, wenye mali hatujui mgao ukoje.

Na ubaya wa mikataba hii ya kugawana mapato uko kwenye gharama. Inafanya kazi hivi: mwekezaji anatanguliza hela yake, gesi ikianza kuuzwa anarudisha kwanza alichotumia, kinachobaki ndio mnagawana. Yaani ni kama mmefungua duka na mwenzako, yeye ndiye ana risiti zote. Akizijaza chumvi, faida inaisha kabla haijafika mezani. Kisima kimoja cha bahari kuu kinameza mamilioni mengi ya dola. Nani anakagua risiti hizo? Kwa viwango gani? Kikomo cha kurudisha gharama ni asilimia ngapi? Majibu yote yamo kwenye mkataba.

Mwaka 2014 nyongeza ya mkataba wa Kitalu namba 2 ilivuja, na wachambuzi wakaonyesha mgao wa nchi ni mdogo kuliko ule wa mkataba wa mfano. Mwaka huohuo Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali, chini ya Zitto Kabwe, iliomba mikataba 26 ikanyimwa, mpaka vigogo wa TPDC wakakamatwa na polisi kwa amri ya kamati. Kamati ya Bunge! Kama mbunge ananyimwa, mimi dereva wa bodaboda nitapewa na nani?

Wenzetu wa chama tawala wana jibu lao: siri za kibiashara. Waongo. Sheria ya Uwazi na Uwajibikaji ya 2015, ambayo wao wenyewe waliipitisha kwa hati ya dharura, kifungu cha 16 kinataka Waziri achapishe mikataba yote ya madini, mafuta na gesi. Imeandikwa "yote". Kwa hiyo sisi hatuombi hisani, tunadai sheria ifuatwe.

Na Ghana je? Eneo la mafuta la Jubilee, bahari kuu vilevile, liligunduliwa 2007 na Desemba 2010 mafuta yakaanza kutoka. Mwaka 2011 wakatunga sheria iliyounda kamati ya wananchi ya kusimamia hela za mafuta. Machifu wamo, wanahabari wamo, vyama vya wafanyakazi vimo. Mikataba iko kwenye rejesta mtandaoni, unafungua na simu yako. Ghana si peponi, madeni wanayo na matatizo wanayo. Ila hakuna kampuni iliyokimbia kwa sababu raia alisoma mkataba.

Kuna watakaosema upinzani hawataki maendeleo. Ndugu, mimi naitaka hii gesi kuliko wao. Nataka kiwanda Lindi, nataka vijana wa Kusini wawe mafundi wa kuchomelea na mabaharia, sio walinzi wa geti tu. Ila sitaki wanangu walipe deni la karatasi ambayo baba yao hakuruhusiwa kuisoma.

Tunadai mambo matatu. Mikataba ya vitalu vya bahari kuu ichapishwe, kwa Kiswahili. Mkataba wa Nchi Hodhi ujadiliwe bungeni hadharani kabla haujasainiwa. Na mgao wa Lindi na Mtwara uandikwe kwa tarakimu, usiishie kwenye ahadi za majukwaani.

Kamanda, mbunge wako akija kuomba kura muulize swali moja: mkataba wa gesi umeusoma? Akisema hajausoma, mwambie hata bodaboda ina mkataba.