Sanamu ya Waliokusanya Sahihi

Kando ya mto Avon, mjini Christchurch, New Zealand, ipo sanamu ya shaba iliyozinduliwa tarehe 19 Septemba 1993. Inamuenzi Kate Sheppard, aliyeongoza madai ya wanawake kupiga kura. Twaisifu kwa kuwa hakusimamishwa pweke, kama wafanyavyo watawala wanaojijengea sanamu wangali hai. Yuko na wenzake, akiwemo Meri Te Tai Mangakāhia, Mmaori, wakipeleka bungeni hati ya maombi.

Wapo mawakili wenzetu wanaoidharau hati ya namna hiyo, eti haina nguvu ya amri ya mahakama. Na waisome historia. Mwaka 1891 sahihi zilizidi 9,000. Bunge la juu likakataa. Mwaka 1892 zikakaribia 20,000. Yakawa yale yale. Akina mama hao, wengi wao wa chama cha Wakristo cha kupinga ulevi, wakarudi tena milangoni mwa watu. Mwaka 1893 wakaleta karibu 32,000, na mswada ukapita kwa kura 20 dhidi ya 18.

Haki ya kugombea ubunge waliipata 1919.